Kupandisha gari la zamani la porini: maswali tunayoulizwa kila wiki

Hapa gereji, Dar es Salaam, magari yanayoingia mengi yamekula chumvi nyingi: Land Cruiser za miaka ya themanini na tisini, Land Rover, Nissan Patrol, Suzuki ndogo. Ombi ni kulipandisha gari, yaani kuliongezea kimo, na linakuja na picha kwenye simu: "Fundi, nataka lisimame hivi." Majibu haya ndiyo tunayoyatoa tukiwa tumekaa kwenye benchi chini ya mwembe, kabla spana haijagusa nati.

Gari langu linahitaji kupandishwa, au limelala tu?

Mara nyingi limelala tu. Springi ya miaka thelathini imebeba saruji, magunia ya mkaa kutoka Kisarawe na wajomba tisa waliokwenda msibani. Imechoka. Liegeshe gari mahali tambarare, bila mzigo, chukua futi kamba na upime kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Andika namba. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi lililopungua upepo litakudanganya.

Mzee mmoja wa Mbagala alituletea Land Cruiser Hardtop, lile la mkonga wa kuvutia hewa, akaomba inchi tatu. Tulipopima, mbele kulia kulikuwa chini kuliko kushoto kwa sentimita tatu na nusu. Hilo si ajabu, dereva hukaa upande huo maisha yake yote. Nyuma, majani ya springi, vile vipande vya chuma vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, yalikuwa yamenyooka kama rula, na jani la tatu lilikuwa limekatika ndani ya klipu. Mkato wenyewe ulikuwa mweusi kwa kutu, maana yake halikukatika juzi. Tukamfungia springi mpya za kimo cha kiwandani, bushi mpya (zile raba za kwenye maungio) na shokapu. Gari liliposhuka kwenye jeki akalizunguka mara mbili, kisha akauliza: "Mmeweka inchi ngapi, vijana?"

"Hatujaweka hata moja, mzee. Hapa ndipo lilipozaliwa."

Akaondoka nalo hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuagiza kitu chochote, tafuta kimo cha kiwandani cha gari lako na ulinganishe na namba ulizoandika.

Inchi ngapi zinatosha kwa hapa kwetu?

Mbili. Yaani milimita 50 hivi. Kwa matuta ya mitaani, barabara za mchanga za Kimbiji na Pemba Mnazi, na ile njia ya kutoka Kibiti kwenda Mloka mvua zikinyesha, inchi mbili na matairi ya maana zinakufikisha. Hadi hapo gari bado linakubali sehemu zake nyingi za zamani. Ukienda tatu unaanza kununua vitu ambavyo hukuvipangia bajeti, na ukienda nne karibu kila kinachounganisha ekseli (mhimili wa magurudumu) na chesisi (fremu ya gari) kinataka kurekebishwa. Tumewahi kufunga nne, ila mwenye gari alikuwa anajua anachokitaka na alikuwa na gari jingine la kwenda kazini.

Nikipandisha springi, difu nayo inapanda?

Haipandi. Hili ndilo jambo watu wanaloshangaa kuliko yote. Springi inanyanyua chesisi na bodi juu ya ekseli. Kwenye gari lenye ekseli nzima, yaani mhimili mmoja kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) imo ndani ya ekseli, na ekseli imekaa juu ya matairi. Weka springi ya inchi sita ukipenda, lile boga la difu litabaki pale pale likisubiri kisiki. Unachopata kwa springi ni nafasi ya tairi kubwa, bampa kutogusa ukipanda ukingo wa korongo, na tumbo la gari kutosugua kifusi.

Kinachoinua difu ni tairi, na tairi linainua nusu tu ya kilichoongezeka. Chukua Land Cruiser 80 lenye matairi 275/70R16: kipenyo chake ni milimita 791 hivi. Ukiweka 285/75R16 unapata kama 834. Ongezeko ni milimita 43, na difu inapanda 21 tu. Sentimita mbili, basi. Ndiyo maana tunawaambia vijana wajifunze kupitisha tairi juu ya jiwe badala ya kulipitisha jiwe katikati ya matairi.

Tairi hilo hilo lina gharama nyingine: mshale wa spidi unaanza kusema uongo. Kwa mfano huo, ukisoma 50 unakwenda karibu 53, ukisoma 80 unakwenda 84. Penye kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi nyuma ya mti, utetezi wa "dashibodi yangu inasema" haumfai mtu.

Ni magari gani yanapandishika bila kusumbua?

Yenye ekseli nzima mbele na nyuma. Land Cruiser 40 na 60, na zile 70 za mwanzo, zilizoanza mwaka 1984, zinatumia springi za majani pande zote; unabadilisha fungu la majani, shokapu na yu-bolti (bolti zilizopinda zinazobana springi kwenye ekseli), kazi imekwisha kwa sehemu kubwa. Land Cruiser 80 iliyoingia mwaka 1990, Patrol Y60, Land Rover 110 na Suzuki Jimny ya 1998 zina koili springi, zile za waya wa kuzunguka, juu ya ekseli nzima. Hizi ni tamu kufunga lakini zina mambo ya pembe tutakayoyagusa hapa chini. Hardtop na pikapu za 70 zilizotoka kuanzia 1999 zina koili mbele na majani nyuma, kwa hiyo usinunue vifaa kwa kusikia tu "ni Land Cruiser 70". Tunataka namba ya chesisi.

Gari lenye miguu ya mbele inayojitegemea, kama Land Cruiser 100, Hilux Surf au Prado, lina mipaka yake. Kwenye yale yenye tosheni baa, yaani fimbo ya chuma inayosokotwa badala ya springi, mafundi wengi wanakaza tu ile bolti ya kurekebisha, gari linapanda mbele bila hata kununua kitu. Linapanda kweli, ila mguu unakuwa umeshashushwa karibu hadi mwisho wake. Ukiingia shimoni haubaki na pa kushukia, gari linagonga kama ngoma, na bolijointi (viungo vya mguu) na sivi (viungo vya shafti ya gurudumu) zinafanya kazi zikiwa zimepinda. Inchi moja na nusu hapo ndiyo mwisho wetu.

RAV4 na ndugu zake wasio na chesisi, hapana. Tunakushauri tairi zuri na mwendo wa pole.

Kuna njia za bei nafuu: shakeli ndefu, spesa, vipande vya chuma, kupasha springi moto. Mnasemaje?

Tunasema tofauti kwa kila moja.

Shakeli ni kile kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi; ikiwa ndefu inanyanyua ncha moja tu ya springi, kwa hiyo shakeli iliyoongezwa inchi mbili inakupa inchi moja. Nyuma, kwa kiasi kidogo, tunaweza kuvumilia. Mbele inageuza ekseli na kuharibu pembe ya usukani.

Kipande cha chuma kati ya ekseli na springi za majani: nyuma, kikiwa kimoja, cha chuma imara na yu-bolti mpya ndefu, kinakubalika. Mbele hatufungi, hata mteja akinuna. Ukikanyaga breki ekseli ya mbele inataka kujipindua, na kile kipande kinaipa nguvu ya kujipindulia. Kuhusu vipande vya mbao tulivyovikuta chini ya Suzuki moja kutoka Bunju, tuliviweka kwenye kabati la kumbukumbu.

Spesa ya juu ya koili haina ubaya ikiwa springi yenyewe bado nzima. Kumbuka tu kwamba haiongezi urefu wa shokapu wala haimfufui marehemu.

Kupasha springi moto na kuipiga nyundo ili irudishe mkunjo ndiyo tunayoikataa kabisa. Chuma cha springi kilipewa ugumu wake kiwandani kwa joto na kupoozwa kwa vipimo. Ukikitia kwenye moto wa mkaa hadi kiwe chekundu kisha ukakiacha kipoe chini ya ukuta, umekirudisha kuwa chuma cha kawaida. Gari litasimama vizuri wiki chache, kisha litalala kuliko mwanzo, au jani litakatika ukiwa mbali na lami. Kuongeza jani zima kutoka kwenye springi nyingine inayolingana ni jambo jingine, hilo fundi wa springi anayeijua kazi yake analifanya vizuri.

Nichague springi za uzito gani?

Hapa ndipo fedha nyingi inapopotea. Springi za kupandishia huuzwa kwa uzito gari litakaoubeba kila siku, si ule litakaoubeba sikukuu. Mtu ananunua zile za mzigo mkubwa kwa sababu "ni imara zaidi", halafu gari linabaki tupu, yeye na mkewe tu, linaruka kwenye kila tuta kama mkokoteni wa maji. Pima ulivyo navyo: bampa la chuma, winchi, tangi la pili, keria, betri ya pili. Bampa la chuma na winchi peke yake yanaweza kufika kilo mia na ushee, na yote yamekaa mbele kabisa ya ekseli, kwa hiyo mbele unaweza kuhitaji springi nzito huku nyuma ukabaki na za kawaida. Gari la kubeba watalii au mzigo kila siku lifungwe za mzigo. La familia linaloenda Saadani mara mbili kwa mwaka lifungwe za kati, na mizigo ipunguzwe.

Usukani unatangatanga tangu nilipopandisha. Kwa nini?

Kasta. Ekseli ya mbele haijakaa wima kabisa, imelazwa kidogo ili gurudumu lipende kurudi lenyewe mbele, kama gurudumu la baiskeli. Kwenye gari la koili kama Land Cruiser 80 au Patrol, ekseli imeshikwa na mikono miwili ya mbele. Ukilinyanyua gari, mikono inainama na kuizungusha ekseli, na ile pembe inapungua. Hesabu takriban digrii moja kwa kila inchi. Wakati pembe yote ya kiwandani ni kama digrii tatu tu, utaona inchi mbili zimekula kiasi gani.

Hili tumejifunza kwa aibu. Land Cruiser 80 la kwanza tulilolipandisha, tulifunga springi na shokapu, tukalijaribu hapa mtaani kwa mwendo wa matuta, tukapokea hela. Mwenye gari alipiga simu akiwa Mlandizi. Alisema kila lori likimpita gari linahama njia, na akiachia usukani haurudi, anauvuta mwenyewe kama anapiga makasia. Alirudi Dar kwa mwendo wa arobaini. Tulimbadilishia bushi za mikono ya mbele, tukaweka zile zilizotobolewa pembeni kwa ajili ya kurudisha pembe, na hatukumtoza. Tangu siku ile gari halitoki hapa bila kupimwa alaimenti (mkao wa magurudumu) na kukimbizwa barabara kubwa.

Kama usukani hautangatangi bali unatetemeka kwa nguvu ukipita shimo, hadi unapunguza mwendo ndiyo unatulia, usianze kwa kununua stelingi dampa, ile shokapu ya usukani. Shika gurudumu ukiwa umelinyanyua, litikise juu na chini, kisha kulia na kushoto. Utakuta tairodi (fimbo ya usukani), beringi au bushi ya rodi ya Panhard (fimbo inayozuia ekseli isihame kando) imekufa. Dampa inaficha ugonjwa tu.

Kitu gani kingine kinaguswa zaidi ya springi na shokapu?

Mipira ya breki kwanza, ile inayopitisha mafuta ya breki. Gari likinyanyuliwa na mguu ukining'inia kabisa, mpira wa breki usivutike hata kidogo. Tunaning'iniza ekseli hadi mwisho na kupitisha mkono. Ukiwa umekaza kama uzi wa gitaa, tunafunga mrefu zaidi. Hapo hatuna mjadala wa bei.

Toyota nyingi zina vali ya breki za nyuma inayopima mzigo, imeungwa na ekseli kwa fimbo ndogo. Chesisi ikipanda, ile vali inadhani gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Mteja analalamika kwamba pua inazama akifunga breki na pedi za mbele zinaisha upesi. Dawa ni kushusha au kurefusha kibraketi chake.

Rodi ya Panhard inaivuta ekseli upande mmoja gari linapopanda. Kwa inchi mbili ni milimita chache, wengi hawazioni. Kwa tatu tunafunga rodi ya kurekebishika. Propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, inabadilisha pembe, na krosi (kiungo chake) iliyochoka itaanza kulia kwa mtetemo kwenye mwendo fulani. Bomba la kupumulia la difu linaweza kuwa fupi. Likikatika na ukaingia mtoni, difu ya moto inavuta maji. Viungo vya stabilaiza, fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, vinataka kurefushwa. Na taa za mbele zishushwe, kwa sababu sasa unamulika macho ya kila bodaboda unayekutana naye.

Shokapu ziwe za urefu unaolingana na springi. Ikiwa fupi, inakuwa yenyewe ndiyo kamba inayozuia ekseli kushuka, na itang'oka. Ikiwa ndefu mno, inagota kabla mpira wa kugotea haujafanya kazi yake.

Naweza kufanya mwenyewe nyumbani?

Ekseli nzima, ndiyo, kama una stendi nne imara, sakafu ya zege na mtu wa kukusaidia. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake, hata dakika moja. Gari lenye koili iliyofungwa pamoja na shokapu, kama Prado, lipeleke kwa mwenye mashine ya kubana springi; ile springi imebeba nguvu ya kuvunja taya.

Anza siku tatu kabla kwa kumwagia bolti zote mafuta ya kulegeza kutu, asubuhi na jioni. Fungua upande mmoja kwanza na uuache mwingine ukiwa mzima ili uwe na pa kutazamia. Yu-bolti usizirudie, zimeshavutika. Na hili wengi hawalijui: bolti za bushi zifungwe kwa mkono tu gari likiwa juu, kisha lishushwe, litikiswe, ndipo zikazwe likiwa limekanyaga kwa uzito wake. Ukizikaza miguu ikining'inia, raba ya bushi inaanza maisha ikiwa imesokotwa, na baada ya miezi michache inapasuka. Utamlaumu muuza duka bure.

Gari langu limeishi Kigamboni miaka yote. Kuna shida?

Shida ni kutu ya chumvi ya bahari, kwa hiyo tunaanza na nyundo ndogo. Tunagonga chesisi pale shakeli na mikono inaposhikia, na juu ya ekseli ya nyuma ambapo mchanga na chumvi hujificha. Chuma kizima kinalia "ting". Kikilia kama boksi la viatu, kazi ya kupandisha inasimama, inaanza ya kukata na kuunga. Magari yanayopelekwa kuvua au kushusha boti ufukweni yaoshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi siku ile ile.

Vipuri vinapatikana wapi?

Gerezani na Kariakoo utapata bushi, yu-bolti, tairodi, bolijointi na springi za kawaida. Seti kamili za kupandishia Land Cruiser na Patrol nyingi asili yake ni Australia, kama Old Man Emu, Dobinsons, Tough Dog na Ironman, na mara nyingi zinaagizwa. Shokapu za mtumba hatufungi. Springi za mtumba tunafunga tukizipima mbili mbili zikawa sawa kwa urefu na unene wa waya. Nenda na kipuri cha zamani mkononi. "Ya Land Cruiser" si maelezo, na muuzaji atakupa kilicho karibu na mkono wake.

Trafiki na bima wanasemaje?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inawapa polisi nafasi ya kulikagua gari na kulisimamisha likiwa bovu. Gari lililopandishwa kwa adabu, lisilo na tairi linalotoka nje ya madigadi wala taa zinazopofusha, hupita bila maneno, hata wakati wa ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama. Kwa mwenye bima kubwa, ijulishe kampuni kwa maandishi kabla ya kufunga na utunze nakala. Ukinyamaza, siku ya ajali unampa mtu sababu ya kukukatalia.

Litapinduka kirahisi zaidi?

Ndiyo, kwa sababu uzito umepanda juu. Keria iliyojazwa ndiyo inayomalizia. Kona ulizozoea kuzikata kwa themanini, zikate kwa sitini. Na usidhani umejenga boti: maji yanayokwenda kasi, ya kina cha nusu mita na ushee, yanalisukuma hata gari kubwa. Bonde la Jangwani likifurika, rudi nyumbani.

Mafuta?

Litakula zaidi, hasa kwa sababu ya matairi makubwa na upepo.

Kuna jambo ambalo wateja huja kulijutia?

Mama. Mmoja alitupigia siku ya pili: bi mkubwa wake wa miaka sabini ameshindwa kupanda gari kwenda Muhimbili, amesimama kwenye kibaraza na kanga yake, hataki kubebwa na madereva. Tulimfungia ngazi za pembeni jioni ile ile. Pia, kabla ya kuingia maegesho ya chini ya majengo kule Posta, soma kibao cha kimo, na uhesabu keria.

Nirudi lini baada ya kufungiwa?

Baada ya kilomita 500, au mara tu utakaporudi kutoka safari ya kwanza ya vumbi, lipi litangulie. Tutakaza upya yu-bolti na nati za magurudumu, tutatazama mipira ya breki kama kuna panapogusa, na tutapima tena kwa futi kamba. Springi mpya hushuka kidogo zinapokaa. Njoo na kile kikaratasi chenye namba za mwanzo.